Ndege wa Mama na Moto wa Loro

Jumatatu, 1 Februari 1988

Mtu kama mimi akifa bila kuandika, historia ya Koboko itabaki na shimo ambalo lori zima la mawe haliwezi kulijaza. Ndiyo sababu nimefungua daftari hili. Mimi Zubeiri, mwana wa marehemu Sajini Jada. Nimesoma hadi darasa la tano — lakini darasa la tano la zamani! Leo wangeliita chuo.

Katika kijiji chetu cha Midia ni mimi wa kwanza kurudi kutoka Sudan, mwaka juzi. Jirani yangu Loro anasema yeye alinitangulia siku mbili. Sawa. Yeye alitangulia kufika. Mimi nilitangulia kuamua.

Nimejenga nyumba mbili. Moja yangu. Ya pili nimeimaliza wiki iliyopita, ya dada yangu Medina: nyasi mpya, mlango wa mbao, hata kidirisha. Haina mtu. Medina yuko Arua, amebanana chumba kimoja na binti yake Hawah. Nimemwita mara nne, na mara nne amesema atafikiri. Mimi nakula peke yangu, naongea na sufuria.

Sasa leo — Allahu akbar! — nimepata cha kumleta. Ndege wa mama amerudi! Pale kisimani, kwenye ukingo wa udongo mwekundu. Mdogo kama ngumi ya mtoto, mweusi kama mkaa, paji jeupe utadhani amesujudu kwenye unga. Anakaa kwenye kisiki kifupi, anatazama chini, anashuka, anadona mchwa, anarudi kisikini. Vilevile kama zamani.

Mama yetu Mariam Poni alikuwa akimpigia mluzi, na ndege anajibu. Tulipokimbia vita mwaka wa themanini mama alikataa kwenda. Alimwambia Medina: siku ndege hawa wakijenga tena hapa, jueni pamepoa, mrudi. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba yangu.

Kesho kutwa naenda Arua mwenyewe. Habari kubwa haitumwi kwa barua.

Jumatano, 3 Februari

Arua. Nimepanda lori la Tahiru. Aliniweka mbele kwa heshima. (Nyuma palikuwa pamejaa magunia ya muhogo, lakini hata pangekuwa patupu angeniweka mbele.)

Medina alikuwa anasuka ungo. Nikamwambia. Mikono yake ikasimama. Hawah ndiye aliyejibu.

— Mjomba, mwaka jana ulisema chui alikaa mlangoni kwako akakusalimu.

— Alikaa!

— Na mwaka juzi ulivuka mto Kaya juu ya mamba.

— Hawah, yule mamba alikuwa mgonjwa.

Akacheka, lakini hana mchezo. Mume wake amepata kazi ya ufundi Bombo. Wanahama Jumatatu ya tarehe kumi na tano, na mama yake anakwenda nao. Bombo! Mbali kule, karibu na Kampala. Nani atamtembelea? Nani atakaa kwenye nyumba yenye kidirisha?

Medina akaweka ungo chini. Amesema ndege weusi iko wengi. Yule wa mama alikuwa anajibu mluzi wa mama. Basi atakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Mluzi upigwe, ndege ajibu, yeye asikie kwa masikio yake. Akisikia, Bombo hakuna. Asiposikia, nisimwite tena.

Nikasema hilo ni dogo. Mluzi wa mama nimeurithi mimi. Jeshini niliupiga mara moja tu, gwaride zima likasimama, afisa akaangusha fimbo.

Medina alinitazama. Halafu akajifunika uso kwa ule ungo, mabega yakawa yanatingishika. Sijui alicheka nini.

Ijumaa, 5 Februari

Baada ya sala nilikaa kisimani mpaka jua likaanza kupoa. Nimekiona kiota. Kiko ndani ya tundu kwenye ukingo, ndani kiasi cha kiganja na vidole. Watoto watatu. Uchi. Macho bado yamefumba. Vinywa vya njano vikubwa kuliko vichwa — kama wale askari wapya niliokuwa nawapikia.

Nimeandika “nawapikia”. Naacha hivyohivyo. Hakuna anayesoma hapa. Na jeshi bila mpishi ni watu wenye njaa wamevaa sare.

Dume ana paji jeupe, jike hana. Wote wawili wanahudumu, hawana habari ya kupumzika. Nimehesabu safari thelathini na moja, halafu nikasinzia.

Ijumaa ijayo wale watoto watakuwa na manyoya. Wazazi bado watakuwa pale, hawaachi kiota. Kila kitu kiko sawasawa! Medina atakuja, ndege atajibu, kwisha.

Jumamosi, 6 Februari

Si sawasawa.

Loro amepiga pembe asubuhi. Loro ndiye mwenye moto wa mteremko huu. Alikuwa babu yake, akawa baba yake, sasa ni yeye. Bila neno lake hakuna mtu anayewasha kiberiti nyikani, na akishatoa neno, wanaume wanakuja na mikuki na nyavu na mbwa, nyasi zinachomwa, ndezi na swala wanatoka mbio. Ametoa neno: Jumatano.

Jumatano! Mteremko wote, mpaka kisimani. Nyasi za pale ukingoni zinanifika kifuani. Moto ule utaingia kwenye tundu kama mkono wa mwizi.

Nikamfuata kwake. Mke wake, Margaret, alikuwa anachuja pombe ya kwete.

— Loro, sogeza mpaka Jumamosi. Siku tatu tu.

— Kwa nini?

— Kuna ndege.

— Ndege gani? Tai?

Nikamwonyesha ngumi, kiasi hiki. Amecheka mpaka Margaret akampiga mgongo. Akasema yule ndege anapenda majivu kuliko yeye Loro anavyopenda ndezi. Moto ukipita leo, kesho utamkuta palepale anaokota panzi waliokauka. Mimi namnyima karamu!

Ni kweli. Nimeona mwenyewe tangu utoto. Ndege mkubwa anakwenda kando, moto unapita, anarudi kula. Lakini watoto hawana bawa. Nikamwambia hivyo.

Loro akaacha kucheka. Amesema watu arobaini wa Midia na Abuku wameshapewa neno. Watoto wao hawajaonja nyama tangu Krismasi. Aende kuwaambia nini? Kwamba Zubeiri ana vifaranga?

Hapo sikuwa na jibu. Mimi! Bila jibu!

Jumapili, 7 Februari

Jibu ninalo. Jembe.

Nitakata njia ya moto. Hatua kumi na mbili upana, kuanzia kisimani, kuzunguka ukingo, mpaka lile jiwe kubwa. Nyasi zote nje, udongo mtupu. Moto ukifika utakosa cha kula. Loro amesema njia ya moto ni ruhusa, hata baba yake alikuwa anaruhusu kwa ajili ya ghala.

Udongo wa Februari ni bati. Jembe linalia kengg! Watu wa kanisa walikuwa wanapita, wote wanasimama. Katekista Silvester akauliza:

— Mzee Zubeiri, unapanda nini mwezi huu?

— Heshima!

— Itaota?

— Wewe nenda kasali.

Hatua arobaini kwa urefu leo. Bado mia na kumi. Mgongo unajua jina langu.

Jumatatu, 8 Februari

Mpini umevunjika. Nimechonga mwingine. Umevunjika.

Nimemaliza kwa panga na vidole. Hatua thelathini.

Zamani kule jeshini nilichimba shimo la kuficha vifaru saba kwa siku moja. Lakini siku ile nilikuwa nimekula.

Bado themanini. Siachi.

Jumanne, 9 Februari

Hatua kumi na nane mpaka adhuhuri. Viganja vimechanika, nashika kalamu kama kijiko. Watoto wamefumbua macho! Mmoja alinitazama. Alidhani ni mimi namletea panzi, akafungua kinywa. Nikamwambia ngoja, baba yako anakuja.

Zimebaki sitini na mbili. Hata nilime kama trekta, haziishi. Basi nikaenda kwa Loro mara ya pili, na mikono yangu hii nikamwonyesha. Akaitazama. Akahuzunika kweli. Akasema:

— Ndugu yangu, neno la moto halirudi. Hata mimi mwenyewe siwezi. Labda pawe na msiba kwenye mteremko. Matanga yakiketiwa, moto hauwashwi mpaka siku ya tatu ipite.

Akasema tu. Hakuwa ananifundisha. Na mimi naapa sikuwa nimepanga. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kama mlango usio na komeo.

— Msiba iko!

Margaret akaangusha kibuyu.

— Nani?

Nani! Sikuweza kumfisha mtu aliye hai, hilo nashukuru. Nikasema mama mdogo. Mdogo wake mama yetu, Rosa Kiden. Habari zimefika leo kutoka Sudan.

Margaret akashika kichwa, akapiga yowe moja — likajibiwa ng'ambo ya kisima, likajibiwa tena kule juu. Basi. Limekwenda.

Mama mdogo Kiden amekufa kweli. Lakini mwaka wa themanini na tatu.

Jumatano, 10 Februari

Siku ya moto, hakuna moto. Kuna watu!

Wamekuja kuanzia alfajiri. Wanawake na unga, wanawake na kuni, kuku watano, kibaba cha mbegu za simsim. Wanaume arobaini wa Midia na Abuku, wale wa mikuki — wamekuja bila mikuki, wameketi juu ya magogo. Mbwa wao wamelala njiani, wamekata tamaa. Nimeketishwa kwenye mkeka katikati kama bwana arusi. Siruhusiwi kushika jembe. Mfiwa hafanyi kazi!

Kwa sababu mama mdogo hakusilimu, alibaki na kanisa lake, Silvester amekuja na kitabu.

— Marehemu alifariki lini?

— Si… si muda mrefu.

— Ugonjwa gani?

— Tumbo.

Hilo lilikuwa kweli. Tumbo, na maji mabaya ya kambi ya wakimbizi. Nilipolitamka nikakohoa. Wanawake wakaona mfiwa anazuia machozi, wakapandisha sauti.

Kutoka kwenye mkeka naona kisiki. Dume alikuwa akija na kwenda mbele ya umati ule wote, panzi mdomoni. Yowe kubwa, yeye anashuka, anadona, anapanda. Hana habari.

Nimekula kuku wa matanga. Alikuwa mtamu. Niliona haya kwa kila kipande, na nilikula vipande vinne.

Alhamisi, 11 Februari

Leo sikusema hadithi hata moja tangu asubuhi. Loro akauliza kama ninaumwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee mmoja aliniomba nieleze mama mdogo alizikwaje. Ni desturi, watu wanataka kusikia. Nikaanza kupamba: jeneza, magari… Halafu nikashindwa. Nikaeleza kama ilivyokuwa. Tulimviringisha kwenye mkeka wake mwenyewe. Medina alimwosha kwa maji ya kikombe, kwa sababu kisima cha kambi kilikuwa kimefungwa. Tulimlaza kando ya barabara, mawe juu, na siku ya pili tukaamrishwa kuhama. Hakuna aliyeketi matanga. Hakuna aliyelia na kumaliza.

Halafu Margaret, mke wa Loro, akataja jina. La mtoto wake. Alikufa na miaka miwili, kule kule, mwaka ule ule. Sikuwahi kumsikia akilitaja. Akalia si kama jana. Jana alikuwa anatusaidia kulia. Leo alikuwa analia yake. Mwanamke wa Abuku akataja mume. Mwingine, baba na kaka, wote wawili. Majina yakazunguka mkeka kama maji ya kunawa, na hakuna jina hata moja lililokuwa limeketiwa matanga.

Loro akaja kukaa karibu nami. Amesema polepole, akitazama chini:

— Zubeiri, mimi nilikuwa kambi ile. Mawe ya Kiden nilibeba na mimi.

Nikamuuliza kwa mnong'ono.

— Ulijua tangu juzi?

— Wewe mutu ya uongo sana.

Akamtazama mke wake.

— Lakini kaa. Endelea kukaa.

Moto ni keshokutwa. Kesho Medina anakuja, na lori lake litasimama mbele ya matanga ya mtu aliyemwosha kwa mikono yake. Akisema neno moja mbele ya watu hawa, mimi nitahamia Bombo kabla yake.

Ijumaa, 12 Februari

Naandika haraka. Wako nje. Nimesema nimefuata kofia.

Lori la Tahiru limefika saa tano. Medina akateremka, Hawah nyuma yake na kikapu. Yowe likawapokea. Nikaona uso wa Medina umekuwa kijivu — alidhani ni mimi. Aliponiona nimeketi, kwanza alishukuru, kisha akakasirika kwamba ameshukuru.

— Nani?

Loro alitazama miguu yake. Nikasema mwenyewe, sauti ndogo:

— Mama mdogo Kiden.

Hawah akafungua kinywa. “Lakini bibi Kiden si ali—” Medina akamshika mkono. Akanitazama mimi. Akatazama mkeka, wanawake, Margaret mwenye macho mekundu. Akatazama kila mtu, mmoja mmoja, bila haraka, kama anayechambua mchele. Nikahesabu pumzi zangu. Zilikuwa saba.

Halafu akafungua kitenge cha mabega, akajifunga kiunoni, akaanguka juu ya mkeka na kulia kwa sauti ambayo sikuisikia mwaka wa themanini na tatu. Ile sauti aliibeba miaka mitano. Nilishika kichwa changu. Nililia na mimi, na sikuwa naigiza, na siandiki zaidi juu ya hilo.

Walipomaliza, walimpa maji na uji. Hawah akaja kuchuchumaa karibu nami.

— Mjomba, wewe ni hatari.

— Najua.

— Hii si sifa.

Lakini nyumba yenye kidirisha ameingia kuiona. Nimemwona akijaribu komeo. Mara mbili.

Kisha Medina akasimama. Amesema mbele ya watu wote: matanga yameketiwa vizuri, mama mdogo amepumzika, asante. Sasa aonyeshwe kilichomleta. Tukaenda kisimani, wote! Loro, Margaret, Silvester, wanaume arobaini, mbwa. Wakasimama kwenye njia yangu ya moto, juu ya udongo nilioulima. Hakuna aliyecheka. Medina akaitazama mikono yangu, halafu ile njia, halafu mikono.

Dume alikuwa juu ya kisiki. Paji jeupe, linang'aa! Kwenye tundu, vichwa vitatu vyenye manyoya. Medina akasema kwa sauti ya chini:

— Anafanana.

Kufanana hakutoshi, nilijua. Sharti ni sharti. Hawah akaweka kikapu chini, akakunja mikono.

— Haya, mjomba. Ule uliosimamisha gwaride.

Watu wakageuka kunitazama. Hata mbwa. Nikasema kofia. Mluzi wa mama hauwezi kupigwa kichwa wazi, ni adabu. Nikaja huku.

Wananiita. Hawah anauliza kama kofia imeota miguu. Loro anasema niharakishe, ndege naye ana kazi. Kofia ninayo. Iko kichwani tangu asubuhi.

Nimechungulia mlangoni. Wamenifanyia nafasi mbele ya kisiki, duara dogo. Na Medina amehama pale alipokuwa. Amekwenda kusimama nyuma, nyuma kabisa ya mahali pangu, karibu kiasi cha kunigusa mgongo. Amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mabega yanatingishika, kama siku ile ya ungo.

Tulikuwa tunasimama hivyo utotoni: mimi mbele nimebinua midomo, yeye nyuma yangu. Yeye miaka minane, mimi kumi. Mbele ya wageni wa baba, mbele ya watoto wote wa Midia.

Basi niandike, kabla sijatoka. Mama alinifundisha msimu mzima na mimi nilitoa mate tu. Sijui kupiga mluzi. Ndege alikuwa anamjibu Medina.